Kijiko cha Mwalimu Adelard

Kijiko kilikuwa kimoja. Nyie wenye mabinti wanaopenda kuimba mnielewe vizuri: wanafunzi walijaa chumba kizima, na kijiko kilikuwa kimoja, cha chai, kimesimama kwenye kikombe cha asali na tangawizi. Mwalimu anakitoa, anamkandamiza huyu ulimi, "sema aaa," anachungulia, anakirudisha kikombeni. Anakitoa tena, anamwingizia yule. Asali ile ilishakuwa na utelezi kama mlenda, ukivuta kijiko inafuata. Mie nilikaa kwenye kigoda pale mlangoni, mate yamenijaa mdomoni na kuyameza siwezi.

Nilikwenda kumchunga binti yangu Naima. Baba yake yuko Mtwara kwenye biashara ya korosho, na msichana wa miaka kumi na tisa anakwenda kufundishwa kuimba na mwanamume asiye ndugu yake, kwenye chumba cha kupanga Chang'ombe. Mama gani angetulia? Nikavaa baibui langu nikafuatana naye. Macho yangu yote yalikuwa kwenye mikono ya mwalimu. Nilisema akimshika kiuno tu, leo Chang'ombe nzima itanijua. Hakumshika. Mwalimu Adelard alikuwa mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi, alishafundisha kwaya huko kwao bara, na mie aliniamkia shikamoo kwa kuinama kabisa. Nikarudi nyumbani Tandika nimeridhika na mikono yake. Kumbe nilichunga mikono, hatari iko kwenye kijiko.

Chanzo cha yote ni karaoke. Siku hizi kila baa ya Temeke ina televisheni, na Jumapili alasiri wanawasha ule mtambo: muziki unalia wenyewe bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye kioo, na yeyote mwenye moyo anashika maiki anaimba. Maiki inatoka mdomo wa mlevi inaingia mdomo wa mla kitimoto cha nguruwe, inakwenda kwa mvuta sigara, inafika kwa mtoto wa mtu. Wavu wake umeshika kutu kwa mate. Nilikwenda mara moja kuangalia, na niliporudi niliosha uso kwa sabuni ingawa sikuigusa.

Lakini sauti Naima alikuwa nayo, siwezi kumkana mwanangu. Akiimba uani wapangaji wanaacha mwiko ndani ya sufuria. Tatizo wimbo ukipanda juu sana, sauti inakatika. Jumapili moja ilimkatikia mbele ya watu, na kijana mmoja akapiga kelele, "Sista, ongeza maji kwenye rejeta!" Baa nzima ikaangua kicheko. Na wakati huo kulikuwa na shindano linakuja, mshindi achukuliwe na bendi moja ya mjini. Naima alilia usiku ule, na kulipokucha akaenda kutafuta mwalimu.

Nikaendelea kumsindikiza. Siku moja mwalimu akaniita, kijiko kikiwa bado mdomoni mwa mwanangu.

"Mama Naima, sogea uone mwenyewe."

Nikasogea nikachungulia.

"Unakiona kimeo hicho? Kirefu, kinaning'inia kama kengele. Sauti inatoka kifuani vizuri, ikifika pale inajikwaa. Haiwezi kupanda."

"Sasa inakuwaje?"

"Kinapunguzwa tu. Kuna mzee mmoja Vingunguti, fundi wa siku nyingi. Wanafunzi wangu wenye vimeo virefu nawapeleka kwake."

"Mwalimu, kimeo anakatwa mtoto anayekohoa hakomi, na hata huyo kliniki wanatugombeza. Mwanangu hana kikohozi."

"Mama, wewe mzazi, nakuheshimu. Lakini sauti ndiyo kazi yangu."

Nikamshika Naima mkono tukatoka. Njiani tukabishana.

"Kile kimeo kakiweka Mungu," nikamwambia.

"Na kucha kaweka nani? Mbona tunakata?"

"Usinijibu hivyo barabarani."

"Mama, bibi si alimpeleka Farhan akakatwa? Si mzima yule? Si anakula mpaka anakwangua sufuria?"

Farhan ni mtoto wa kaka yangu, na Naima alisema kweli. Kwetu sie kila ukoo haukosi aliyekatwa kimeo, na watu wanalisimulia kama kutoga masikio. Ndiyo maana maneno ya mwalimu yalimwingia binti yangu kirahisi. Angemwambia akatwe kidole ili aimbe, angemcheka usoni. Kimeo alikuwa amekisikia tangu yuko mgongoni.

Nikamkataza asirudi tena Chang'ombe. Akanyamaza, nami nikaona amesikia.

Jumamosi alitakiwa awe saluni, anakosuka nywele. Akarudi mchana kweupe, kanga imebanwa mdomoni.

"Una nini?"

Akanionyesha beseni kwa kidole. Nikampa. Akatema mate mekundu, mazito, yanavutika kutoka mdomoni mpaka kwenye beseni wala hayakatiki, ikabidi ayakate kwa vidole. Halafu akafungua fundo la kanga akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Nikakikunjua. Ndani mlikuwa na kinyama, kidogo kama uduvi, kimenata kwenye maandishi. Fundi alikuwa amempa aje nacho nyumbani, mama aone kazi imefanyika.

Nikatapika, tukatumia beseni lile lile.

Hospitali waliisimamisha damu. Daktari, mama mmoja mpole, alimmulika kooni kwa tochi, akaizima, akaiwasha tena.

"Hakukata kimeo peke yake," akaniambia. "Kapanda juu, kakata na nyama laini ya kaakaa."

"Itaota, daktari?"

"Haioti, mama."

Nikaenda Vingunguti. Nyumba ya huyo fundi, Mzee Fakihi, haiko mbali na machinjio, na siku ile upepo ulikuwa unaleta harufu ya damu na ya mavi ya ng'ombe. Nzi wakanifuata wametulia kwenye baibui kama mapambo. Mzee alikuwa amekaa kibarazani juu ya mkeka. Pembeni ana kopo la maji ya rangi ya chai, na ndani ya kopo kisu kidogo kilichopinda ncha na kitanzi cha uzi. Ukutani nyuma yake alikuwa amebandika vimeo vya watu. Vimekauka, vimejikunja kama dagaa, vingine nzi bado wanavitembelea. Ndilo lilikuwa bango lake la biashara.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana ni mzee.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wako yuko wapi?"

"Umeshamkata. Msichana wa Jumamosi, wa Tandika."

"Aaa! Mwimbaji!" Uso wake ukachangamka. "Anaendeleaje? Yule nilimkata juu zaidi kuliko wenzake."

"Kwa nini yeye juu zaidi?"

"Mwalimu wake si alisema anataka sauti ya juu sana?"

Akanitazama kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Akachukua kile kisu, akajikuna unyayo kwa mpini, akakirudisha kwenye kopo.

Kidonda cha Naima kilipona, lakini kupona kwenyewe ndiko huko nataka mkujue. Akinywa uji, nusu unarudi puani. Unatoka mweupe, unateremka juu ya mdomo, na yeye anaufuta haraka kabla mtu hajaona. Maharage yakimpalia yanatokea huko huko. Na sauti ile iliyokuwa inawasimamisha wapangaji imehamia puani, hewa yote inapotelea huko, neno linatoka nusu, unadhani ana mafua ya mwaka mzima. Wateja saluni wakawa wanamuuliza, "Unasemaje?" mara mbili, mara tatu, mpaka akaacha kuzungumza nao. Nyumbani alikula ameelekea ukutani. Shindano likapita. Siku ile tulisikia muziki wa baa kwa mbali, nikainuka nikafunga dirisha.

Sasa chumba cha pili kuna mpangaji mwenzetu ana binti yake, Avelina, naye wa karaoke vilevile. Jioni moja alikuja kuazima kinu. Mama yake alikuwa zamu ya kiwandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaendelea kwenda kwa yule mwalimu?"

"Naendelea. Jumamosi nakwenda Vingunguti." Akaniambia kwa furaha, kama anakwenda sikukuu.

"Avelina! Na Naima umemwona alivyo?"

"Mwalimu katueleza yote. Kasema Naima hakufuata masharti. Alikunywa cha moto mapema, kidonda kikavutika."

Pazia la chumba likafunguka. Naima, ambaye alishakuwa hatoki mbele ya mgeni, akatoka.

"Mwalimu kasema hivyo?" akauliza, kwa ile sauti yake ya puani.

Avelina akatazama chini. Nilimuona amekunja midomo, si kwa huruma, kwa kujizuia kucheka. Naima naye alimuona.

Alipoondoka, mwanangu akaniambia, "Mama, kesho chemsha chai. Utie kwenye chupa, na maziwa mengi."

Tukaenda Chang'ombe. Chumba kimejaa vilevile, kikombe kiko palepale juu ya meza, kijiko kimesimama ndani yake. Mwalimu Adelard alipotuona akainama.

"Shikamoo mama. Karibuni. Naima, pole sana. Nimesikia."

Sikuitikia. Naima akaenda mbele ya darasa, akasimama pale wanaposimama wakiimba. Nikammiminia chai kwenye kikombe tulichokuja nacho, kikajaa. Akawatazama wenzake mmoja mmoja mpaka akamfikia Avelina, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Safari hii hakugeukia ukutani. Akainamisha kichwa, akanywa funda kubwa.

Chai ikatoka puani kote kuwili. Ilitoka pamoja na makamasi, na utando wa maziwa ukaning'inia kwenye tundu moja. Akauacha. Akanywa tena. Ikamwagika kidevuni, kifuani, ikadondokea kwenye viatu vya mwalimu. Msichana mmoja akasema "yalaa!" akaziba mdomo. Mwingine alitoka mbio, tukamsikia anatapika uani.

"Huyu alivunja masharti," mwalimu akasema. "Nyie nimewaeleza..."

Naima akaanza kuimba. Ule wimbo wake, mahali pale pale palipokuwa panamshinda. Ilitoka hewa na mapovu ya chai. Aliimba mpaka mwisho wa ubeti, na mie mama yake, niliyemzaa, nilitamani kuangalia pembeni. Sikuangalia pembeni.

Alipomaliza akajifuta kwa kanga yangu.

Mwalimu Adelard alikuwa na haraka ya kuturudisha sote kwenye somo. Akatoa kijiko kwenye asali, kikavuta uzi mrefu, akamgeukia Avelina.

"Haya, binti, tuendelee. Fungua mdomo. Sema aaa."

Avelina akakitazama kile kijiko. Akamtazama Naima, ambaye pua yake bado inachuruzika.

"Fungua," mwalimu akasema.

Hakufungua.