Mama wa Bweni

Mlangoni mwa chumba cha usaili bawabu aliniuliza mwanangu yuko wapi. Nikamwambia mwanangu yuko kazini kwake, anayeomba kusoma upimaji macho ni mimi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Wifi yangu naye alikuwa ameshanicheka asubuhi: "Uzee huo, wifi, utapakata daftari au mjukuu?" Nikamwacha na kicheko chake. Mwakani umri wangu hautapokelewa tena chuoni, kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Mimi ni wa duka la miwani. Kazi yangu kukaza skrubu na kusugua vile vipande vya puani vilivyoganda jasho na mafuta ya watu mpaka vikaota ukoga. Hilo halijawahi kunitia kinyaa. Kinyaa nilikikuta ndani.

Mkuu wa usaili alikuwa kijana wa kumzaa. Nilimkuta anajichokoa sikio kwa mfuniko wa kalamu. Akautazama, akaufuta kwenye suruali, kisha akasimama na kunipa mkono ule ule.

"Shikamoo, mama! Karibu, karibu, kaa hapa."

"Marahaba."

Wenzake wawili nao wakainuka, shikamoo, shikamoo. Maji yakaletwa. Feni ikageuziwa kwangu. Nikiwa nje nilikuwa nimewasikia wakimbana binti aliyenitangulia mpaka sauti ikamtetemeka. Mimi wakaniuliza kama magoti yananisumbua.

"Elimu haina mwisho, mama," alisema mkuu. "Ila huku kuna kukesha, kuna kufokewa. Sasa mimi nikufokee wewe, mama yangu? Si nitapata laana?"

"Halafu nafasi zenyewe chache," mwenzake akadakia, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Lakini tumekufikiria. Bweni la wasichana halina mlezi. Utakaa humu humu chuoni, watoto watakupenda."

Wakatabasamu wote watatu, wameridhika na wema wao. Afadhali bawabu, yeye alinicheka waziwazi. Hawa walinivika kilemba cha ukoka huku wananikabidhi ufagio, na walitaka niseme asante.

"Hamjaniuliza swali hata moja," nikasema.

"Aa, mama, hatutaki kukusumbua..."

"Mimi si mama yako. Mama yako yuko kwenu. Nimekuja kuhojiwa, nihoji."

Wakatazamana. Tabasamu likamtoka mkuu usoni, na nikamwona kwa mara ya kwanza alivyo. Akavuta kiti mbele.

"Haya, wewe," akasema kwa ukali. "Kwa nini mtu akifika makamo anaanza kushika gazeti mbali? Jibu haraka, usinipotezee muda."

Nikakaa vizuri. Tangu niingie mle ndani, hakuna aliyekuwa ameniheshimu kiasi hicho.