Mbavu za Baba Mkwe

Wifi ya mkutubi alikuwa msusi, na mikono yake ilipokosa kichwa cha kusuka, mdomo ulitafuta mtu wa kumsuka. Jumapili hiyo aliyekuwa karibu alikuwa mke wa kaka yake, mkutubi huyo mpole, aliyeinamia sinia la mbavu za ng'ombe kama mtu aliyepewa karatasi ya mtihani.

"Wifi, hizo mbavu unazipika au unazisomea?"

"Natoa utando," mkutubi alijibu kwa sauti ile ile ya maktaba. Alikwisha kuingiza ncha ya kisu chini ya ngozi nyembamba iliyoshika nyuma ya mifupa. Akaikamata kwa kitambaa kikavu isiteleze, akavuta mpaka ikabanduka. "Ukiuacha, nyama inakuwa ngumu kama mkanda."

"Makubwa! Mumeo yuko safarini na lori lake, anashindia chai na mkate. Mahaba yote haya ya jikoni unampa nani?"

Mkutubi alitupa utando. Jibu lilikuwa chumba cha mwisho, limefunga mlango.

Baba mkwe wake, baba mzazi wa msusi, seremala aliyestaafu, alikuwa amewekewa meno ya bandia miezi miwili nyuma. Tangu hapo alikuwa haonekani mezani. Alisema tumbo linamsumbua. Akaletewa uji chumbani, akaletewa mkate wa kuchovya, na nyumba nzima ikampa pole ya tumbo. Mkutubi naye alimpa pole, hadi siku alipokuwa akifua mashati ya mzee akakuta mfukoni kipande cha nyama kimefungwa kwa karatasi laini. Kilikuwa kimetafunwa kikashindikana. Ndipo alipokumbuka chakula cha mwisho walichokula pamoja: meno ya mzee yalivyochomoka na pande la nyama, na wifi yake alivyopiga makofi akisema, "Jamani, wapangaji wanahama, na nyama yetu wanaondoka nayo!" Watu walicheka. Mzee naye alicheka. Kesho yake tumbo likaanza.

Kwa hiyo jana mkutubi alikuwa amesimama nje ya mlango wa mzee muda mrefu, akijikohoza, kabla ya kupata ujasiri wa kubisha na kumwalika. Mzee alimjibu, "Nitakuja kukaa nanyi, mwanangu. Kula siahidi." Na mkutubi alijua kwamba mbavu hizi zikitoka ngumu, mzee ataonja kwa adabu, ataficha tonge mfukoni, na mlango ule hautafunguka tena kwa mwaliko wa mtu.

Alizipaka mbavu chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Akazilaza katika sinia juu ya vitunguu vilivyokatwa, akamimina maji nusu kikombe na ndimu moja, akafunika kwa foili mbili akibana pembe zote. Saa tatu asubuhi sinia likaingia katika oveni yenye moto mdogo. Hapo kazi ya mpishi ingekuwa imekwisha, kama mpishi angekuwa na moyo wa kuondoka.

Hakuwa nao. Baada ya robo saa alifungua kuchungulia. Baada ya robo saa nyingine akafungua tena, mvuke ukamrukia kwenye miwani.

"Wifi, kuna mtoto amelala humo?" msusi aliuliza. "Maana hata mzazi wa kwanza haamki hivyo."

Mara ya tatu alifunua foili akachoma kwa uma, uma ukagota. Mara ya nne ukagota. Mara ya tano macho yake yalianza kulengalenga, na safari hii haukuwa mvuke.

"Zimekataa," alisema.

"Zikikataa sisi tutapambana nazo, meno tunayo. Baba tutampa mchuzi, si anaumwa tumbo?"

Mkutubi aliweka uma mezani. Akaupanga ukae sawa na kisu. Akaupanga tena.

"Wifi, Baba haumwi tumbo."

"Anaumwa nini?"

"Anaona haya. Tangu siku ile uliposema wapangaji wanahama."

Msusi alishusha sauti.

"Lakini alicheka," alisema.

"Alicheka, ndiyo."

"Nilikuwa namtania tu! Baba yangu mwenyewe!"

"Najua. Naye anajua, ndiyo maana hakukwambia."

Hapo wakasikia ndara zikiburutwa ukumbini. Mzee alitokea mlangoni, penseli sikioni ingawa hakuwa na ubao wa kupima tangu astaafu. Wanawake wawili wakatazamana: amesikia?

"Nani anafungua oveni?" aliuliza, kiganja kikiwa mbele ya mdomo. "Nimehesabu mara tano. Bawaba zinalia kama mbuzi aliyeachwa kambani."

"Ni mimi, Baba," mkutubi alisema huku akitazama miguu yake.

"Nikuulize, mwanangu. Ukigundisha mbao mbili ukazitia kwenye kibano, unafungua kila robo saa kuangalia kama zimeshikana?"

"Hapana, Baba."

"Ukifungua, zitashikana?"

"Hazitashikana."

"Basi. Kila ukifungua, joto linatoka mbio na nyama inaanza kazi upya. Funga, usiguse hadi saa sita na nusu. Ukizidiwa na hamu ya kuchungulia, njoo unichungulie mimi."

Akageuka kwenda zake, ila alikawia pale mlangoni pua ikiwa juu, kidogo zaidi kuliko mtu anayeumwa tumbo.

Msusi alivuta kigoda akaketi mbele ya oveni, akaipa mgongo, akakunja mikono. "Atakayetaka kufungua apite juu yangu. Mvumilivu hula mbivu. Sisi tutakula mbavu." Lakini utani wenyewe ulitoka umepooza. Baada ya kitambo akanong'ona, "Nimwombe radhi?"

"Sijui, wifi."

"Vitabu vyote vile unavyovilinda, na hujui?"

Saa sita na nusu mkutubi alifunua foili. Akaupandisha moto, akazipaka mbavu mchuzi uliotoka siniani, uliochanganywa na nyanya na kijiko cha asali, akaziacha ziive rangi. Alipozitoa alishika ncha ya mfupa mmoja kujaribu. Mfupa ukachomoka wenyewe, mweupe, kama kidole kinachotoka kwenye glavu.

Saa saba mzee alikaa mezani. Alichukua kipande kidogo, akatafuna polepole. Meno yakagonga, tak. Mkutubi akakodolea macho chumvi. Msusi akakodolea macho sahani yake. Tak. Tak.

Mzee akaacha kutafuna. "Kuna msiba ambao sijaambiwa? Huyu msusi tangu nikae hajasema neno. Naogopa."

"Baba," msusi alisema, "siku ile nilisema neno baya. Nisamehe."

Mzee aliweka kipande chini.

"Lilikuwa baya," alisema. "Liliniuma. Tena lilikuwa la kweli, na hapo ndipo lilipouma zaidi. Wapangaji gani hawa, kila nyama ikija wanafunga virago?"

Akageuka pembeni, akajifunika kwa kitambaa, na alipowageukia tena meno yalikuwa kwenye kisahani kando ya chumvi. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Alionekana mzee zaidi, na mtundu zaidi. Hakuna aliyecheka, walikuwa wakimngoja yeye.

Alishika ubavu, nyama ikadondoka yenyewe kwenye sahani. Akaitia mdomoni, akaibana kwa ufizi, akafumba macho. Koo likapanda na kushuka. Akachukua wa pili. Wa pili ulipokwisha, mkutubi alikuwa bado hajagusa chakula chake, akihesabu.

Ubavu wa tatu, ule wenye mafuta yaliyoiva kahawia pembeni, mkono wa msusi uliuwahi. Mzee akamgonga vidole kwa mfupa.

"Toa mkono," alisema, maneno yakimponyoka kwa ulaini. "Wewe una meno, guguna mifupa."

Mkutubi akalisogeza sinia upande wa mzee.