Kushoto kwa Gunvor

Baada ya Gunvor kufa, nilihamishiwa kwenye meza yake bila kuulizwa kama napenda. Taa ya meza yangu ilikuwa inapepesa na yake ilikuwa nzima, basi. "Siv, hamia pale," alisema Sixten, mkuu wetu wa kazi. "Filamu hazingoji tumalize matanga." Sixten ni mwanafizikia. Wanafizikia wengi niliofanya nao kazi hudhani kwamba mtu akifa, kinachobaki ni kiti kitupu.

"Usiukalie mto wake," Majken alinitania kutoka meza ya jirani. "Atakuja kuudai."

"Akija nitamwachia na kazi yake."

Tukacheka, kicheko cha watu wanaoogopa. Mto ulikuwa bado unanukia zile pipi nyeusi za chumvi alizokuwa akimung'unya kutwa. Niliuweka sakafuni. Baadaye nikaurudisha kitini, kwa sababu kuuona pale chini kulinitia simanzi zaidi.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo la chuo, hapa Stockholm, na mapazia meusi hayakufunguliwa mchana wala jioni. Kila mwanamke na meza yake, na juu ya kila meza picha kubwa iliyomulikwa kutoka kwenye filamu. Picha zilipigwa huko Geneva, ndani ya handaki. Protoni moja inakuja kwa kasi kutoka huku, antiprotoni moja inakuja kutoka kule, zinagongana katikati, na kutokana na mgongano huo zinazaliwa chembe ambazo hazikuwapo kabla. Chembe zikipita kwenye gesi huacha michirizi ya mwanga, na kamera inainasa. Wakubwa walitaka kujua ni chembe ngapi huzaliwa kwa kila mgongano, katika nguvu ambayo binadamu alikuwa hajawahi kuifikia. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na macho. Macho yalikuwa yetu: tuliuwekea kila mchirizi nukta na kuuhesabu.

Kila filamu ilisomwa na watu wawili, jozi, kila mmoja kwa wakati wake. Jozi yangu alikuwa Gunvor. Hesabu zetu ziliingizwa kwenye mashine na kufungiwa humo mpaka filamu zote za msimu ziishe, ndipo zilinganishwe. Sababu iliyosemwa ni kwamba mtu asije akamwiga mwenzake. Sababu nyingine haikusemwa, ila wote tuliijua. Zamani mkuu mmoja alibandika ukutani nani kakosa michirizi mingapi, na mwenzetu Hjördis akaacha kazi huku analia. Tangu hapo tukakubaliana: makosa ya macho ya mtu hayatazamwi na mwingine mpaka kazi iishe, na hata yakitazamwa, jina halitajwi. Tuliuona ni uungwana. Mimi mwenyewe nilijivunia desturi ile, na mgeni akija nilikuwa wa kwanza kumfundisha.

Gunvor alikufa Oktoba, asubuhi, akija kazini kwa baiskeli. Kwenye njia panda aliingia mbele ya lori la maziwa lililokuwa linatoka kushoto kwake. Dereva, mtu mzima mwenye akili zake, aliwaambia polisi neno moja lililoenea mtaa mzima: "Aligeuza uso kunielekea, halafu akaendelea kukanyaga."

Baada ya mazishi tulikunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa. Mumewe, Arvid, fundi wa piano, mtu mpole wa kuongea chinichini, alinivuta mkono hadi kwenye kona ya makoti.

"Siv, wewe ulikaa naye kila siku. Aliwahi kukwambia amechoka na maisha?"

"Alichoka na kahawa ya Sixten tu."

Hakucheka. "Asubuhi ile nilimwambia neno baya. Akatoka bila kumaliza mkate. Dereva anasema alimwona. Alimwona, Siv, na hakusimama."

"Neno gani hilo?"

Alitikisa kichwa. "Nikilirudia nitakufa mimi."

Nilimwambia asijitese, kama watu wote wanavyomwambia mfiwa, na maneno yangu yalimsaidia kama mwavuli unavyomsaidia mtu aliyezama. Tangu siku ile akawa anakuja kusimama ng'ambo ya barabara saa zetu za kutoka, kofia mkononi, theluji inamwangukia kichwani. Hakumsemesha mtu. Alitazama mlango tu, sisi tukitoka mmoja mmoja, mpaka mlinzi anapofunga. Majken alisema anaogopa mizimu. Nikamwambia mzimu wa kweli ndio ule pale, na bado una mwili. Nilikuwa nikimpita mbio, naona haya, maana sikuwa na la kumwambia.

Na kule ndani sikuwa salama zaidi. Mimi si mtu wa kuona vitu. Lakini kwenye meza ile, kila nilipofika upande wa kushoto wa picha, nilihisi mtu ananikalia karibu, ananyamaza, anasubiri. Nilikuwa nikigeuka. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta na koti langu. Nikawa nauhesabu upande ule mara mbili, kisha kwa hasira mara tatu, huku najiambia, mwanamke mzima wewe, una nini?

Desemba filamu ziliisha na Sixten akazifungua hesabu. Siku ya pili alituita chumbani kwake, mimi na Majken tu, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na karatasi yenye mchoro, na mikate ya mdalasini ambayo hakuna aliyeigusa.

"Kuna msomaji mmoja," alianza, "ambaye michirizi yake ya kushoto ni michache kuliko ya kulia. Si kidogo. Tangu Aprili inapungua, na kufika Septemba upande wa kushoto unakaribia kuwa mtupu."

"Labda ndivyo zilivyo," Majken alisema. "Labda upande wa kushoto, wa antiprotoni, huzaa kidogo."

"Haiwezekani. Antiprotoni ni pacha wa protoni, kila kitu sawa ila chaji ya umeme imegeuzwa. Pacha wakigongana uso kwa uso, hawana sababu ya kurusha vingi huku na vichache kule. Ukihesabu migongano mingi, kushoto na kulia lazima vilingane. Visipolingana, aliyekosea si maumbile. Ni chombo. Nilidhani ni meza. Lenzi imechafuka, au kioo kimekaa upande."

"Meza gani?" niliuliza, na nikajua kabla hajajibu.

"Unayoikalia wewe. Lakini hesabu zako za Novemba, kwenye meza ileile, zimelingana."

Basi meza ilikuwa nzima. Sote watatu tuliutazama mchoro. Ulikuwa mstari unaoteremka polepole kutoka Aprili, kama ngazi ya kuingilia kisimani. Macho hayana pazia, husemwa. Ya Gunvor yalikuwa nalo, na kila wiki lilivutwa zaidi, na sisi tulikuwa tunalipima na kulifungia kwenye mashine. Hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingelifuatilia vizuri hivyo.

Nilishuka nikaweka filamu yake ya mwisho kwenye meza, pamoja na karatasi yake ya alama. Kulia, alama zake zilikuwa safi kama kawaida, kila mchirizi na nukta yake, hata ile myembamba ambayo mimi huwa naikosa. Kushoto palikuwa na michirizi inang'aa, mingi, imetawanyika kama vidole, na hakuna hata mmoja uliowekewa alama. Wala hakusita. Ilionekana wazi kwamba kwake picha ile ilikuwa imekwisha. Nililia pale gizani kwa sauti, na sikujali nani anasikia.

Dada yangu ni muuguzi wa wagonjwa wa macho. Nilimpigia simu. "Kitu kichwani, labda uvimbe, upande wa kulia, ule unaoona ya kushoto," alisema. "Hao hawajui kama hawaoni. Wanadhani dunia ni ile iliyobaki. Wanageuza shingo, macho hayafiki. Alipimwa kichwa?"

Hakupimwa. Mtu aliyegongwa na lori, nani atatafuta sababu nyingine?

Nikarudi kwa Sixten. "Namwambia Arvid leo."

"Subiri, Siv. Fikiri kwanza. Utamwambia pia kwamba jambo hili lilikuwa humu ndani tangu masika?"

"Nitamwambia."

"Na atasema tulimuua."

"Huenda. Wewe unaogopea jina la maabara. Yeye anaamini mkewe alijirusha chini ya lori kwa sababu ya mdomo wake. Pima mwenyewe, si ndiyo kazi yako?"

Alijikuna kidevu muda mrefu. Kwa kweli si mtu mbaya. Mwishowe alinisukumia ule mchoro. "Desturi ile niliisimamia mimi," alisema. "Mwambie hivyo."

Arvid alikuwa ng'ambo ya barabara kama kawaida. Safari hii nilivuka. "Twende kwako," nikamwambia, "nina habari ya Gunvor," na alinifuata bila swali, wakati nyumba ilikuwa yake na mimi sikuijua njia. Ilibidi nisimame kila kona nimngoje aniongoze.

Jikoni kwake palikuwa na meza ndogo na viti viwili, kimoja mkabala wa dirisha, kingine ubavuni. Alitia kahawa. Nilimweleza yote taratibu: protoni na pacha wake, kushoto na kulia, mstari unaoteremka, maneno ya dada yangu. Nilimweleza na ile desturi, na kwamba tangu mwezi wa nne sote tungeweza kuona kama tungetazama. Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Kwa hiyo hakumwona," alisema.

"Hakumwona. Aligeuza uso kwa sababu alisikia kitu, Arvid. Hakuona kitu pale. Kwake barabara ilikuwa tupu. Alikuwa anakuja kazini, basi."

Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakateremka, na kwa dakika moja nikaona nimefanya jambo jema. Halafu akauvuta mchoro karibu, akaweka kidole kwenye Aprili. Kidole cha fundi, kipana, kimekakamaa.

"Kushoto tu?"

"Kushoto tu."

"Pale ndipo alipokaa yeye," alisema, akionyesha kile kilichoelekea dirishani. "Na hapa nilipo ndipo nilipokaa siku zote. Miaka yetu yote."

Nilitazama. Kiti chake Arvid kilikuwa kushoto kwa kile cha Gunvor.

"Tangu masika akawa hanitazami," alisema. "Namwongelesha, anajibu dirisha. Namsogezea siagi, anaomba siagi. Nikadhani yupo mwanamume mwingine. Nikadhani ndivyo mapenzi yanavyokwisha, bila kelele. Nikanuna. Na mimi nikaacha kumsemesha. Asubuhi ile nikamwambia: kama uso wangu unakuchukiza hivyo, nenda, usirudi. Akageuza kichwa chote, Siv. Akakileta mpaka hapa, mpaka begani, kama mtu anayetafuta kitu nyuma yake. Nikaona ananikejeli. Nikamwambia toka."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, ila nani katika habari hii alijua?

"Alikuwa ananitafuta," Arvid alisema.

Kahawa ilipoa. Nje kulikuwa giza, ingawa ilikuwa bado alasiri. Arvid alisimama, akachukua kikombe chake kwa mkono mmoja na kiti chake kwa mkono wa pili, akazunguka meza polepole, akakiweka kulia kwa kile kiti kilichokuwa kitupu. Akakaa, akakielekea, akaanza kuongea nacho kwa sauti ya chini kuhusu hali ya hewa, na piano ya mtu fulani iliyolegea nyuzi. Mimi nikachukua koti langu nikatoka bila kuaga.