Usimwache Anyamaze

Kwa miaka miwili Mama Ngapoko hakumsalimu Kimiora, na hapa Rarotonga kutomsalimu mtu ni kazi ya kutwa. Barabara kubwa ni moja, inazunguka kisiwa, na ile nyembamba ya ndani inapita katikati ya mashamba. Mtu unayemchukia unaweza kukutana naye mara nne kabla ya chakula cha mchana. Wapanda pikipiki wote wakipishana huinua nyusi, au kidole. Mama Ngapoko akimwona Kimiora anakuja, aligeuza shingo nzima, kofia yake ya ukindu ikageuka naye, akatazama magimbi ya watu mpaka balaa lipite.

Jumamosi hiyo aliyatazama magimbi kupita kiasi. Kimiora alikuwa amesimamisha pikipiki yake kumpisha nguruwe jike na watoto wake wavuke barabara. Mama Ngapoko akaja kutoka mbele, uso umegeuka, na pikipiki ikafuata alikogeuza mabega. Ikavuka katikati ya barabara ikamgonga Kimiora gurudumu la mbele.

Kimiora aliinuka akichechemea, goti limechubuka. Akazima pikipiki zote mbili, maana petroli ilikuwa inadondoka. Mama Ngapoko alilala ubavu kando ya mtaro, mboga alizonunua sokoni zimemwagika. Kofia ngumu ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Hakuwahi kuivaa, ingemharibia ile ya ukindu.

"Umeniua," alisema mama mzee, macho yamefumbwa. "Umeona Alhamisi haifiki, ukaamua kuniua."

Alhamisi ndiyo siku ambayo Mahakama ya Ardhi ingeamua kama Kimiora, mumewe Teariki na binti yao wa miaka mitatu wataendelea kukaa kwenye nyumba yao, au watabomoa na kuondoka. Mama Ngapoko ndiye aliyewashitaki. Teariki alikuwa New Zealand akikata miti, akituma fedha za bati la nyumba hiyo hiyo.

Papa Iotia, mzee mwenye shamba la karibu, alifika mbio akiwa na panga na dafu. "Tumkalishe kwanza, anywe maji."

"Usimguse, Papa! Hata pikipiki ziache zilivyo, polisi wazione." Kimiora alikuwa ameshapiga simu hospitali na kuiweka kwenye kipaza sauti.

Sauti ya nesi ilikuwa tulivu. Gari la wagonjwa liko ng'ambo ya kisiwa na mama anayejifungua, litachukua nusu saa. "Asinyanyuliwe, asipewe chochote. Mfanyeni aongee. Kama maneno yake yakianza kubadilika, niambieni hapo hapo. Hapo sitangoja gari, nitamtoa daktari aje na gari lake mwenyewe. Msimwache anyamaze."

Kimiora alipiga magoti juu ya lami ya moto. "Mama, unaumwa wapi?"

Kimya.

"Mama Ngapoko, unanisikia? Pole, mama yangu."

Upole wa Kimiora ulikuwa haumwingii, kama maji juu ya jani la gimbi. Damu kidogo ilikuwa inatoka nyuma ya sikio, na midomo inaanza kulegea.

Ndipo Kimiora akamsogelea. "Haya. Alhamisi nitamwambia jaji kwamba babu yako Taripo alikuwa na mke mmoja."

Jicho moja likafunguka. "Wawili, punguani wewe! Wawili! Na ndoa zote za kanisani!"

"Mke wa pili alikuwa nani? Mpishi?"

"Tepaeru! Binti wa shemasi! Mpishi ni bibi yako wewe, aliyekuwa akichoma shelisheli za wazungu!"

"Afadhali kuchoma shelisheli kuliko kulalia ardhi ya watu."

"Ardhi ya watu! Papa Iotia, unamsikia? Kalieni makaburi ya kwenu, msikalie ya kwetu!"

Papa Iotia alibaki na dafu lake mkononi, hajui acheke au asali. "Binti, huyu ni mgonjwa. Mnatukanana hata hapa?"

"Nesi amesema aongee, Papa. Unayo njia nyingine?"

Wakati huo alikuwa amefika Repeta, dada yake Teariki, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mia tu kutoka pale. Hakumuuliza mgonjwa hali. Alitoa simu akaanza kurekodi: gurudumu, mtaro, kofia ngumu kwenye usukani. "Polisi waone nani alikuwa upande wa nani. Wifi, usikubali kosa hata kwa bahati mbaya. Na huyo mwache alale, kajitakia mwenyewe."

"Akilala atakufa, wifi."

"Akifa kesi imekufa."

Mama Ngapoko alisikia. "Kizazi cha kapu!" alisema. "Babu yenu Iaveta aliletwa hapa kwa meli kutoka kisiwa cha Mauke, mtoto mchanga, kafungwa kwenye kapu kama kuku. Taripo alimlea kwa huruma. Wa kulelewa anapewa chakula, hapewi ardhi!"

Hiyo ndiyo kesi yote, imesemwa kwa pumzi moja. Iaveta angekuwa wa damu, nyumba ingebaki. Iaveta wa kapu, nyumba ingeanguka. Wazee waliojua ukweli walikuwa wamekwisha kufa, na mwenye nasaba kichwani alikuwa amebaki mmoja, naye amelala kando ya mtaro.

"Anaongea vizuri," alisema nesi kwenye simu. "Endeleeni."

Kimiora akaendelea. Alikosea majina kwa makusudi, akawazalisha wagumba, akawaua watu kabla ya siku yao. Kila kosa lilimwamsha bibi akamsahihisha kwa tusi jipya. Lakini matusi yakawa yanachelewa. Mara ya kwanza pumzi mbili zilipita, kisha nne.

"Taripo na Tepaeru walizaa watoto wawili, eti Mama?"

"Watatu," alisema Mama Ngapoko. Sauti imelainika, tusi halikuja. "Ruatoe, baba yangu. Vaine, alikufa mdogo. Na kitinda mimba, Iaveta. Tepaeru alimzaa wakati wa kimbunga, paa likiwa limeruka. Uchungu wa siku mbili."

Nguruwe jike aliguna ndani ya magimbi.

Repeta alikuwa wa kwanza kusema. "Mmesikia? Papa Iotia, umesikia kwa masikio yako! Kamzaa! Ninayo hapa, yote ninayo!" Aliinua simu juu. "Ee Mungu, wifi, nyumba imepona!"

Kimiora alimwona binti yake kama aliyesimama mlangoni pale nyumbani, mguu mmoja umevaa kandambili, mwingine mtupu. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Huenda bibi alikuwa amesema kweli, kweli ambayo ukali wake uliifungia miaka yote. Huenda akili imetikisika. Nani angejua? Kukaa kimya si kusema uongo.

Akaitazama midomo iliyolegea. Bibi alikuwa hamchukii tena mtu, na hilo lilimtisha kuliko damu.

"Nesi!" alipaza sauti. "Amebadilika. Dakika kumi zilizopita alisema huyo mtu ni wa kulelewa. Sasa anasema ni wa damu. Akiwa mzima hawezi kusema hivyo. Nasema, hawezi! Mlete daktari!"

"Kimiora!" Repeta alimshika bega akamvuta. "Mwendawazimu wewe! Unajua umesema nini, mbele ya shahidi? Ijumaa mtalala wapi?"

"Niache, wifi."

"Kaka yangu anakatika mgongo huko kwa ajili yako na mtoto! Nitampigia. Nitamwambia mkewe kamuuza kwa mchawi!"

"Mwambie. Na hiyo rekodi uipeleke mahakamani, lakini ipeleke yote. Na mimi sauti yangu imo."

Repeta aliitazama simu kama iliyomng'ata. Akatema mate chini, akaondoka bila kugeuka.

Gari la daktari, likiendeshwa na dereva wa hospitali, lilifika likiwa limewasha taa mchana. Wakamfunga Mama Ngapoko shingo, wakamtelezesha juu ya ubao bila kumkunja. Daktari akauliza nani ndugu yake. Papa Iotia akajikuna. Mtoto wake pekee yuko Mauke, alisema. Ndugu wengine wote hapa ana kesi nao.

"Nitakwenda mimi," alisema Kimiora. Akamwachia Papa Iotia kazi ya kuwangoja polisi. "Waambie kila kitu ulichoona, Papa. Na ulichosikia pia, mwanzo na mwisho."

Ndani ya gari daktari alimulika macho ya mgonjwa kwa tochi ndogo. "Usimwache anyamaze," alisema.

Kimiora alipangusa vumbi kwenye shavu la bibi. Alitafuta neno lililo kali kuliko yote aliyokuwa nayo, akainama.

"Mama Ngapoko. Mboga zako tumeziacha zote. Nguruwe wa Papa Iotia wanakula sasa hivi."

Gari lilikata kona mbili.

"Mwizi," alinong'ona Mama Ngapoko.

"Endelea, Mama," alisema Kimiora. "Mwizi wa nini kingine?"