Mkono wa Adabu

Saa sita kasoro robo boksi la mfano lilitua mezani kwa Kusunoki Mitsue, na uso uliomtazama kutoka kwenye boksi ulikuwa wake mwenyewe. Picha ile walimpiga mwezi wa nne. Walimwambia atabasamu, akatabasamu. Chini ya kidevu chake wameandika kwa herufi nyekundu: "Kimebuniwa na mama wa mkono mmoja, kwa wenye mkono mmoja."

Alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kikatio cha selotepu, cheupe, chembamba, chepesi kama ganda la yai. Alikiweka mezani, akashika ncha ya selotepu kwa mkono wa kulia, akavuta. Kikatio kikamfuata. Akavuta kwa nguvu zaidi, kikateleza mpaka ukingoni, kikaanguka sakafuni, na kipande cha selotepu kikajikunja na kumganda vidoleni.

Mitsue akatukana. Lilikuwa tusi la bibi yake, aliyeuza samaki soko la Tsuruhashi miaka arobaini, na si tusi la kusemwa ofisini. Watu wawili waliinua vichwa, wakavirudisha haraka kwenye kompyuta zao.

Mkono wake wa kushoto ulikufa miaka mitano iliyopita. Kiharusi kilimkuta kwenye mashine ya kukata magurudumu ya selotepu, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili. Kiwanda cha Mzee Tonomura hakikumfukuza. Kilimpandisha ghorofani, idara ya ubunifu, kikampa meza karibu na dirisha na kazi ya kupanga faili. Hiyo ndiyo huruma yao. Faili alizipanga wiki mbili, wiki ya tatu akaanza kuchora.

Alichokichora hakikuwa hiki. Chake kilikuwa na kitako kizito cha chuma, na chini yake mpira unaong'ang'ania meza kama pweza. Selotepu yake ilikuja imeshakatwa vipande, na kila kipande kilikuwa na ncha kavu isiyo na gundi, upana wa kucha, ili kidole kipate pa kushika. Miaka mitatu alikihangaikia. Alikipeleka hospitalini, kwa wenzake wa mazoezi, na fundi seremala mmoja aliyepooza upande akafunga zawadi ya mjukuu wake mwenyewe, bila kusaidiwa, akalia mbele za watu bila haya. Watu wale walikuwa wanamwuliza kila Alhamisi: "Bi Kusunoki, kinatoka lini?"

Leo ndiyo siku ya kuidhinishwa. Saa nane Mzee Tonomura angegonga mhuri wake, na kesho kalibu za chuma za kukimiminia zingeanza kuchongwa. Kalibu ikishachongwa haijuti. Fundi seremala angenunua boksi lenye uso wa Mitsue, angeliweka mezani kwake, na kingemkimbia kama kilivyomkimbia yeye. Angemwona Mitsue mwongo, na angekuwa na haki.

Aliyekibadilisha alikuwa Shirakata, mkuu wa idara, mtu wa suruali zilizopigwa pasi na sauti laini. Kitako cha chuma alikiona kizito, eti ofisi za siku hizi zinataka vitu vyepesi. Mpira aliuona mchafu. Ncha kavu ilitaka gundi irukwe kwa vipimo kwenye mashine, naye hakutaka kugombana na watu wa mashine. Mitsue alimwendea mara tatu. Mara zote tatu Shirakata alimsikiliza kwa heshima zote, akainamisha kichwa, akamwagizia chai ya shayiri. "Nimekuelewa, Bi Kusunoki. Tutalifikiria." Na kila mara majaribio yalimaliza ubishi: wafanyakazi ishirini na wanne wamekijaribu kwa mkono mmoja, na wote ishirini na wanne wameandika hakina tatizo.

Ishirini na wanne! Mitsue alikiokota kikatio, akateremka ngazi hadi chumba cha majaribio, kwa Sakagami Orie, waliyeanza naye kazi mwaka uleule.

Orie alikuwa anakula wali wake wa boksi. "We, mbona umenuna hivyo? Picha imekutoa vizuri, nimeiona. Umependeza kuliko siku ya harusi yako."

"Orie, wale watu ishirini na wanne walikijaribu vipi hiki?"

"Kwa mkono mmoja. Fomu ninazo, nikuletee?"

"Sitaki fomu. Nionyeshe."

Orie alifuta midomo, akakiweka kikatio mbele yake, akavuta selotepu kwa mkono wa kulia. Krr, ikakatika safi. "Umeona? Kama siagi."

Mitsue aliona. Aliona mpaka masikio yakamvuma. "Na huo mkono mwingine?"

"Upi?"

"Wa kushoto, Orie! Huo hapo!"

Orie aliutazama mkono wake wa kushoto kama anayetazama paka wa jirani aliyeingia bila hodi. Ulikuwa umekaa juu ya kikatio, ncha za vidole tu, kwa upole, vile anavyoushika mtu mgongo wa birika akimmiminia mgeni. "Ah, huo? Huo umekuja tu. Mkono unasindikiza mwenzake, ndiyo adabu. Sasa ningeuweka wapi, mfukoni, kama muhuni?"

"Na wale wengine?"

"Wengine nini? Wote ni watu waliolelewa."

Mitsue alikaa kitako kwenye kiti. Hapakuwa na mwongo hata mmoja. Ishirini na wanne wamekaa mezani, wameambiwa watumie mkono mmoja, wametumia mkono mmoja, na ule wa pili umekuja wenyewe kusindikiza, kwa sababu tangu wakiwa na miaka mitatu mama zao waliwapiga vidole wakimpa mtu kitu kwa mkono mmoja. Yeye mwenyewe bibi yake alimpiga hivyo hivyo. Mtu mwovu ungemshika shati ukamtikisa. Adabu unaishika wapi?

"Mitsue," Orie alisema polepole, wali umemshinda sasa. "Nimeharibu?"

"Mmeharibu wote. Nipe ile selotepu ya kahawia, ya kufungia makatoni."

Saa nane kamili walikuwa wamekaa, watu tisa, Mzee Tonomura kichwani mwa meza. Alikuwa na miaka sabini na nane, na bado alivaa koti la kiwanda lenye jina lake kifuani kama kibarua yeyote. Mbele yake ilikuwa karatasi ya kuombea idhini, ile inayozunguka meza hadi meza ikikusanya mihuri, na kilichobaki kilikuwa kijisanduku kimoja tu, chake.

Shirakata alisimama, akasema maneno mazuri. Alimvika Mitsue kilemba cha ukoka mbele ya wote: fahari ya kiwanda, moyo usiokata tamaa. Kisha akakitoa kikatio kwenye boksi lenye uso wa Mitsue, akasema, "Na sasa, Mwenyekiti, kwa mkono mmoja tu," akavuta selotepu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukaja, ukatulia juu ya kikatio. Wote walitazama, na ila Mitsue hakuna aliyeuona.

Mitsue akainuka.

"Mkuu wa idara, naomba mkono wako wa kushoto."

"Samahani?"

"Huo. Uweke kwenye mkono wa kiti."

Shirakata alicheka kidogo, akamtazama Mzee, na kwa kuwa Mzee hakusema kitu, akakaa, akauweka. Mitsue akaibana selotepu ya kahawia kifuani kwa kidevu, akaivuta, akaikata kwa meno, na akamfunga Shirakata kifundo cha mkono kwenye kiti, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Kiwandani kule mambo hayafanyiki hivi. Kule kombe hufunikwa, na mwanaharamu hupita akipewa na salamu.

"Haya. Vuta."

Alivuta. Kikatio kikamfuata. Akavuta tena, kwa kasi, nacho kikaruka mezani, kikapita katikati ya karatasi za watu, kikaangusha kikombe cha Mzee Tonomura, na chai ikamwagikia koti lake la kiwanda. Kipande cha selotepu kilibaki kimeganda dole gumba la Shirakata. Alijaribu kukibandua kwa vidole vya mkono ule ule. Kikahamia kidole cha pili, kisha cha tatu. Mtu mmoja mwisho wa meza alikohoa ili asicheke.

"Mimi nimeishi hivyo miaka mitano," Mitsue alisema. Sauti yake ilikuwa juu mno na hakuishusha. "Miaka mitano! Na nyie mmenibandika sura yangu juu ya hicho kitu nikawaambie wenzangu kinafaa. Watu ishirini na wanne mmewapima, wote wa mikono miwili, mkaninyamazisha kwa hesabu!"

Mzee Tonomura hakulifuta koti. Alikivuta kikatio kwake, akauweka mkono wa kushoto mgongoni, akanyoosha wa kulia. Kabla selotepu haijakatika mkono wa kushoto ulikuwa umeshatoka mgongoni, umefika nusu ya njia. Aliutazama. Akaurudisha, akajaribu tena, nao ukatoka tena.

"Sikuutuma," alisema, kama anayejisemea.

Kisha akaivuta ile karatasi, akaiangalia kwa muda mrefu, akaigeuza kumwelekea Mitsue. "Bi Kusunoki. Huu mhuri wa kwanza ni wa nani?"

Ulikuwa wake. Kijisanduku cha chini kabisa, jina lake kwa wino mwekundu, umelala upande kidogo, kuelekea kijisanduku cha Shirakata, vile wadogo wanavyoinamisha mhuri kwa mkubwa wao. Wiki tatu zilizopita, baada ya kikombe cha tatu cha chai ya shayiri, Shirakata alimletea karatasi mwenyewe, akamshikia isiteleze, kwa vidole viwili, kwa wema. Na yeye akagonga. Alijua kilichoandikwa, akagonga. Alijiambia, mimi ni nani nivunje safu, nimepewa meza, nimepewa dirisha. Hata kuuinamisha hakusahau.

Hasira yote aliyokuja nayo iligeuka ikamwelekea yeye, na hiyo ilikuwa chungu kuliko ya mwanzo. Alitamani sakafu immeze. Watu wanane walikuwa wanamtazama, na kwenye nyuso zao aliona nafuu: aha, kumbe na yeye.

"Ni wangu," alisema. "Niligonga nikijua. Niliogopa."

Akautoa mhuri wake mfukoni. Akaivuta karatasi, akaigandamiza mezani kwa kiwiko cha ule mkono uliokufa, akauegemea kwa uzito wa mwili wote, maana mkono ule ulikuwa hautumiki ila kama jiwe. Wawili waliinuka kumsaidia.

"Kaeni!"

Wakakaa. Akashika kalamu, akachora mistari miwili juu ya jina lake, kama sheria ya makaratasi inavyotaka anayefuta neno lake. Kisha akagonga mhuri pembeni. Kelele ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Bila mhuri wa chini karatasi haipiti," Mzee Tonomura alisema. Akaurudisha mhuri wake mfukoni mwa koti lililolowa. "Tunaanza upya. Kitako cha chuma, mpira, ncha kavu. Na wapimaji watatoka hospitalini." Alitoka bila kuinama kwa mtu.

Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Alibaki Shirakata, mkono bado umefungwa kitini, uso umemwiva. Hakuomba kufunguliwa. Sauti yake laini ilikuwa imepata ufa.

"Ungeniambia faraghani, Bi Kusunoki. Sisi sote ni watu wazima. Mambo haya huzungumzwa faraghani."

"Nilikwambia faraghani mara tatu," Mitsue alisema. "Faraghani ndiko mlikonizika."

Akachukua kikatio cheupe alichokiacha Mzee mezani, akakirudisha kwenye boksi lenye uso wake, na akamwacha Shirakata ajifungue kwa mkono uliobaki.