Chapa Ndani ya Droo

Mtu aliyekuja kuangalia kabati langu alianzia kwa jirani yangu Bulle. Nilimwona kwa macho yangu, ameketi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lililopakana na langu, anakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Kwa hiyo alipoingia kwangu na kusema anaitwa Mwalili, fundi wa samani za kale kutoka Nairobi, nilishajua ametumwa.

"Mama, binti yako alinionyesha picha ya kabati," alisema. "Natafuta watu waliotengeneza samani za enzi za Malkia Viktoria. Wengi wamesahaulika."

"Na Bulle anawatafuta pia?"

"Nilimuuliza njia tu."

Njia! Garissa nzima inajua duka langu la vitambaa, hata mbuzi wa sokoni wangemleta.

Kabati hilo la droo lilikuwa la babu yangu. Lina vipande viwili, cha juu na cha chini, ili vibebwe na ngamia mmoja, kila kipande ubavu wake. Alipewa na afisa Mwingereza ambaye babu alimwongoza safarini. Lakini Bulle amekuwa akinong'ona miaka yote kwamba babu yangu aliliiba kwa babu yake, mzee Guleid. Mbele yangu hasemi. Huwaambia wateja, nao huniletea maneno pamoja na salamu. Maneno hayo huniuma, kwa sababu babu ndiye aliyenilea, na alikuwa mtu wa kurudisha hata sindano ya kuazima.

Mwalili alitoa droo za juu, akazimulika kwa tochi ya simu. Akanionyesha jina la karakana ya London lililogongwa ukingoni mwa ubao. "Hawa nawajua," alisema kwa furaha. Kisha akapindua droo ya kipande cha chini, akaisogezea tochi.

Palikuwa na chapa iliyochomwa kwa chuma cha moto, duara na mistari miwili. Wafugaji wote wa hapa wanaijua chapa hiyo. Mzee Guleid aliwachapa nayo ngamia wake, na huku kwetu kitu kikishapigwa chapa, mwenyewe amejulikana. Nilimfikiria babu yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimshuku.

"Rudisha hiyo droo," nilisema.

Nilikuwa nimechelewa. Bulle alishasimama mlangoni, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuitwa.

"Si nilisema?" alisema. "Hii alama ni ya ngamia yetu. Kabati ni ya sisi, wallahi. Abaayo, dada yangu, mimi nimenyamaza miaka mingi sababu ya ujirani."

"Umenyamaza wapi, Bulle?"

Mwalili hakutusikiliza. Aligonga pembe ya droo polepole kwa kiganja, gundi ya kale ikaachia, ubao ukachomoka. Mstari mmoja wa chapa uliendelea hadi mahali palipokuwa pamefichwa ndani ya maungio.

"Hii ilichomwa kabla mbao hazijaunganishwa," alisema. "Mwenye mali huweka alama kwenye kitu kilichokwisha kutengenezwa. Hii ni ya aliyekitengeneza. Kipande cha juu ni cha Uingereza, hiki cha chini mbao zake ni za huku. Fundi ameiga vizuri mno, mimi mwenyewe ningedanganyika."

Hapo nikakumbuka babu akisimulia ngamia alivyoteleza Mto Tana ulipofurika, na nusu ya mzigo ikaenda na maji. Kumbe nusu nyingine alitengenezewa na Guleid.

Uso wa Bulle ulisawijika. Zamani kwetu mtu wa randa na nyundo alidharauliwa, na familia za wafugaji hazikuoana na ya kwake. Watu husema hayo yamekwisha, lakini siku ya posa huchimbuliwa. Na Kaaha, binti ya Bulle, alikuwa ameposwa na watu wa Wajir.

"Bulle," nilimuuliza kwa Kisomali, "babu yangu aliiba?"

"Hakuiba," alijibu kwa sauti ndogo. "Kabati ni lenu."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini Mwalili alikuwa bado ameshika ule ubao.

"Mzee, chapa ni ya kwenu. Fundi huyu aliitwa nani?"

Mtoto wa Kisomali akiulizwa ukoo wake hutaja jina lake, la baba, la babu, na kuendelea mpaka umchoke. Bulle alitazama sakafu.

"Sijui," alisema. "Sisi ni watu ya ngamia."

"Na wewe, mama?"

Bulle aliniinulia macho. Sikuwahi kuyaona yakiniomba kitu. Jina lilikuwa mdomoni mwangu, na kama ningelisema, kabla ya alasiri soko zima lingejua kwamba babu yangu hakuwa mwizi. Lakini shela ya harusi ya Kaaha ilikuwa mezani kwangu, nimeikunja mwenyewe asubuhi ile.

"Sijui," nikasema.

"Inasikitisha. Basi ni fundi asiyejulikana."

Mwalili alifunga begi lake, akatuaga kwa adabu, akatoka akapita chini ya kibao cha duka la jirani, kilichoandikwa kwa herufi nyekundu: BULLE SHURIE GULEID, MBAO NA VIFAA VYA UJENZI.