Hirizi ya Mtoto Aliyelala

Mke wangu Yamna alipofika miaka arobaini na nane, siku zake zilikoma, naye akaanza kutafuta hirizi. Alianza na kabati la marehemu mama yangu, kisha akahamia kwenye magodoro. Nilirudi adhuhuri kutoka kwenye tanuri langu la mikate nikamkuta ameketi katikati ya sufu, anaichambua kwa vidole. Jasho lilimtiririka shingoni, na ilikuwa mwezi wa pili, theluji bado iko mlimani juu ya mji wetu wa Sefrou, Moroko.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Unajua ninachotafuta, Buazza. Mtoto ameamka nusu. Huoni damu imekata? Huoni anavyonichoma huku ndani?"

Nilijua. Mwaka wa pili wa ndoa yetu nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya nyanya Hispania. Nilikuja Idi, nikarudi. Yamna hakuona siku zake miezi mitatu, halafu tumbo likanywea. Kwetu hawasemi mimba imetoka. Wanasema mtoto amelala, na mtoto aliyelala anaweza kukaa tumboni miaka mingi mpaka aamshwe. Mama yangu alikwenda kwa mwalimu wa madrasa akaandikiwa hirizi, akaishonea ngozi ya kijani, akamwambia Yamna: "Mwache alale mpaka baba yake arudi. Siku hiyo tutaitia kwenye maji, utakunywa, ataamka."

Nilirudi, nikashika tanuri la baba yangu. Lakini mama alikuwa na lake kila mwaka. Mara nyumba bado haijaisha, mara mwaka una ukame. Kisha akapooza, ulimi ukafa, akakaa hivyo miaka mitatu hadi akafariki bila kuonyesha hirizi iko wapi.

Mimi nilimpeleka Yamna zahanati nikitumaini daktari atamaliza maneno. Alikuwa binti mdogo, mpole.

"Mama, huna mimba," akasema. "Ni umri. Homoni zimepungua, ndiyo maana siku zimekoma. Hilo joto, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, vyote vinatoka huko. Wanawake wote hupitia."

"Umeolewa, mwanangu?"

"Bado."

"Basi utajuaje?"

Daktari akampaka mafuta tumboni, akapitisha mashine, akamgeuzia kioo. "Tazama mwenyewe. Hakuna kitu."

"Mtoto amekupa mgongo," Yamna akasema, akashusha nguo yake. Vidonge alivyopewa aliviweka juu ya kabati, havikufunguliwa.

Habari zikafika tanurini kabla yangu. Pale kwangu wanawake wa mtaa huleta mikate mibichi kwenye mbao, naijua yote kwa alama: huyu hubonyeza kidole, yule huchora msalaba. Wa Yamna una matundu matatu ya uma, na hukaa kushoto, karibu na mdomo wa tanuri.

"Fundi Buazza, hongera!" Lalla Zohra, jirani yetu, alipiga kelele. "Nasikia unaitwa baba. Huyo mtoto atatoka na ndevu!"

"Atatoka anaomba sigara," mwingine akadakia. Wakacheka mpaka wakashikana.

"Chukua mkate wako uende, Zohra," nikasema. "Umeungua kama ulimi wako."

Nyumbani sikucheka. Yamna alikuwa amemaliza magodoro, amebandua na vigae viwili vya jikoni. Alikaa kwenye dirisha lililo wazi, kifua nje, baridi inaingia, uso umemwiva.

"Nimekumbuka," akasema. "Mama alikuwa akiivaa shingoni. Nadhani walimzika nayo. Nimezungumza na mchimba kaburi. Kesho asubuhi tunafukua."

"Utamfukua mama yangu?"

"Ni ya mwanangu, Buazza. Nimengoja miaka ishirini na mbili."

Hapo ndipo nilipopaswa kulia au kumkumbatia. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nikasema kama nilivyozoea kusema, moja kwa moja.

"Usiende. Haiko kaburini. Niliichoma."

Akafunga dirisha. "Uliichoma wapi?"

"Kwenye tanuri. Arobaini ya mama ilipoisha niliikuta kwenye sanduku lake, ndani ya soksi. Nilichoka na yale maneno. Nilitaka uache, uende kwa daktari kungali mapema."

"Nilikuwa na miaka thelathini na saba."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani utaacha mwenyewe."

"Ningeachaje? Nilijua iko. Kila mwezi nikiona damu nilisema haidhuru, yeye amelala, muda upo. Ungesema siku ile, ningekwenda kwa daktari. Ningelia mwaka mmoja, nikaenda." Alisema polepole, kama anapanga vitu mezani. "Kulikuwa na mikate ndani?"

"Ilikuwapo."

"Ya nani?"

Ningeweza kudanganya. "Yetu ilikuwa mbele."

"Tukaila?"

"Tukaila."

Akajitazama tumboni, akauondoa mkono wake pale, akauweka juu ya goti. Ulikuwa mkono mtupu tu. Nikamwambia yale ni mambo ya wazee, hapakuwa na mtoto, daktari ameonyesha. Akaitikia kwa kichwa. Nilichoogopa ni kwamba aliitikia. Hakubisha tena siku ile wala siku nyingine.

Hakwenda makaburini. Alirudisha sufu, akashona magodoro, sasa tunalala juu yake kila mtu upande wake. Joto likimpanda hutupa blanketi na kukaa kimya mpaka lipite. Zamani alikuwa akisema na mtoto mle ndani, akimtania, akimwita mvivu.

Asubuhi hukanda unga kama kawaida, lakini ubao wake haufiki kwangu. Huupeleka ng'ambo ya mto, kwenye tanuri la mtu mwingine, anapita na ubao kichwani mbele ya mlango wangu. Siku ya kwanza Lalla Zohra alifungua kinywa atanie. Aliuona uso wa Yamna, akakifunga.

Adhuhuri narudi, mkate uko mezani, una matundu matatu, umechomwa na moto usio wangu. Nakula. Kushoto kwenye tanuri, karibu na mdomo, sijaweka mkate wa mtu. Wanawake wananiuliza kwa nini mikate yao inarundikwa nyuma na pale pana nafasi. Nawaambia pale panaunguza.